Maji ya Mahitaji

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa neno moja, nikalikosa. Lilikuwa limeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya mradi wa maji, Kitui mjini, herufi zake zimeshikana kutoka upande mmoja wa ubao hadi wa pili bila nafasi hata ya kupitisha ukucha: Grundwasserspiegel. Injinia Mkuu, Mjerumani mrefu ambaye jua letu lilikuwa limemchoma shingo ikawa nyekundu, alikalia kona ya meza akimenya ndizi.

"Haya, Bi Ndinda," akasema kwa Kiswahili chake cha kusomea vitabuni. "Nipatie hilo kwa Kiswahili."

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Nairobi mwezi uliotangulia. Kijerumani nilikianza shule ya sekondari, na jambo lililonivutia tangu mwanzo ni hayo maneno marefu wanayoyaunga kama mtu anavyounga mabomba. Nilijua pa kuyakatia. Grund, chini ya ardhi. Wasser, maji. Spiegel, kioo.

"Kioo cha maji ya ardhini," nikajibu, nikajiona mshairi.

Alicheka hadi ndizi ikamkwama. "Kioo! Nani ajitazame huko chini? Panya?" Akakohoa, akajifuta mdomo. "Ni kimo, binti. Ni pale unapoyakuta maji ukichimba. Neno usiliulize wazazi wake ni nani. Liulize linafanya kazi gani."

Nilicheka pamoja naye kwa adabu. Moyoni nilijiambia kwamba kioo changu kilikuwa kizuri kuliko kimo chake. Ninawaandikia ninyi vijana mlio kwenye madarasa ya Kijerumani ya miji ya Wote na Kitui, mnaokariri majina ya dawa na vitanda ili mwende kuwauguza wazee wa Ulaya, na jambo la kwanza ninalotaka mlijue ni hilo. Nilionywa siku ya kwanza, kabla ya chai ya saa nne, na nikacheka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkalimani husema, mtafsiri huandika. Mradi wetu uliajiri mtu mmoja kwa yote mawili. Asubuhi nilikuwa kwenye mikutano ya vijiji, Injinia akisema Kijerumani, mimi nikisema Kikamba. Alasiri nilikuwa mezani na ripoti, Kijerumani upande wa kushoto, Kiswahili upande wa kulia, na katikati kamusi iliyokatika mgongo. Neno ambatano la Kijerumani husomwa kuanzia mkiani, kwa sababu bwana wa neno hukaa mwisho. Sisi tunasema maji ya mvua, maji yanatangulia. Wao husema mvua-maji, Regenwasser. Ukifika mwisho ndipo unajua kinachozungumziwa ni nini, na vilivyotangulia vinakuambia ni cha aina gani. Glavu wanaiita kiatu cha mkono. Kobe ni chura wa ngao. Nilipowaambia wachimbaji wetu hilo la kobe, fundi wa mtambo alisema, "Hao watu waliishiwa na majina wakaanza kushona viraka."

Shida nyingine ilikuwa kitenzi. Mara nyingi Mjerumani hukiweka mwisho wa sentensi, na sentensi za Injinia Mkuu zilikuwa ndefu kama barabara ya kwenda Mutomo. Ilinibidi nisubiri. Watu wamekaa kwenye majani makavu wananitazama, Injinia anazidi kusema, mimi nimefunga mdomo.

"Mwaitu, huyu msichana wetu amemeza ulimi?" mzee mmoja aliuliza siku moja. Mwaitu kwa Kikamba ni mama, na ndivyo alivyomwita mke wa chifu.

"Anangoja mzungu apumue," mama yule akajibu. "Mwache. Ukikatiza mtu wa namna hiyo anaanza tena mwanzo."

Nilifurahi sana miaka hiyo. Nilitoka Nunguni, kwenye milima ya Makueni, ambako ukungu hukaa juu ya mashamba hadi saa tatu na chemchemi hazikauki. Kiu nilikuwa nimeisoma tu. Kitui niliikuta imekaa kwenye midomo ya watu. Kila mtambo ulipotoboa mwamba na matope kuruka juu, nilihisi nimeyaita mimi kwa maneno yangu.

Injinia Mkuu alimaliza mkataba wake mwaka wangu wa sita, akarudi kwao. Badala yake akaja Meneja wa Mradi, mtu wetu, mwenye suti na haraka. Hakujua Kijerumani, wala hakuona aibu kutokukijua. "Hiyo ndiyo kazi yako," aliniambia. "Mimi niletee kitu kinachosomeka."

Chini ya Meneja huyo tulichimba kisima karibu na Kanyangi, katika kijiji ambacho sitakitaja jina. Wanawake wa pale walikuwa wakitembea kutoka alfajiri hadi mto wa mchanga, wanafukua shimo kwa kibuyu, wanangoja maji yajikusanye kidogo kidogo. Visima viwili vya awali katika eneo hilo vilitoa maji ya chumvi ambayo hata mbuzi waliyakataa. Hiki cha tatu kilitoa maji matamu. Wa kwanza kuyaonja alikuwa Kavinya, katibu wa kamati ya maji, mwanamke mwembamba wa rika langu, mjamzito wa miezi saba. Alikinga viganja chini ya bomba, akanywa, akafumba macho.

"Ndinda," akasema, "haya hayana chumvi hata kidogo. Haya ni ya kwenu Nunguni."

Tulichukua sampuli kama ilivyotakiwa, chupa mbili zilizofungwa kwa nta, zikapelekwa maabara ya Wajerumani. Majibu yalirudi siku tatu kabla ya sherehe ya ufunguzi. Kurasa nne. Kurasa tatu zilikuwa za majedwali, majina ya madini na tarakimu. Ukurasa wa nne ulikuwa na hitimisho la mstari mmoja, na katika mstari huo neno ambalo sikuwa nimelikuta hata mara moja kwa miaka yote ile: Brauchwasser. Maji ya kisima hiki, iliandikwa, yanafaa nur als Brauchwasser. Nur ni "tu". Als ni "kama".

Nilifanya nilichozoea. Nilianzia mkiani. Wasser, maji. Kisha brauchen. Kamusi iliyokatika mgongo ilinipa maana mbili, ya kwanza kuhitaji, ya pili kutumia. Nikachukua ya kwanza. Nilimkumbuka kila Mjerumani niliyemsikia akisema ich brauche, nahitaji. Maji-hitaji. Maji yanayohitajika. Nikaandika: Maji haya yanafaa tu kama maji ya mahitaji.

Nilipoisoma sentensi hiyo, ile "tu" ilinikwaruza. Kama maji yanahitajika, mbona yafae "tu"? Tu badala ya nini? Nakumbuka nilishusha kalamu. Nakumbuka nikitazama dirishani, mwanamke akipita na mkokoteni wa makaa. Neno lilikuwa linabisha mlango, vijana, na mimi nilikuwa ndani.

Meneja aliingia. "Bi Ndinda, hiyo kitu iko wapi? Mheshimiwa anakuja Alhamisi, na fundi wa kibao cha kisima anangoja maneno tangu jana."

"Kuna neno sijalielewa vizuri. Ningependa tuwaulize wenyewe maabara."

"Barua ya Ulaya inachukua wiki ngapi? Nisomee."

Nikamsomea.

"Si iko sawa? Maji ya mahitaji. Kwani kuna mtu hahitaji maji?" Akaichukua karatasi, akainyoosha mbele ya macho yake. "Lakini hiyo 'tu' inafanya nini hapo? Inaharibu sentensi. Inaonekana kama tunajitetea. Toa."

"Na majedwali?"

"Nani atasoma majedwali Kanyangi?"

Nikaitoa "tu". Niliifuta kwa rangi nyeupe ya kufutia makosa, nikapuliza ikauke. Chini nikaweka sahihi yangu: mtafsiri.

Alhamisi Mheshimiwa alikata utepe. Mchungaji wa kanisa la pale alisoma maneno ya kibao, MAJI YA MAHITAJI, akahubiri juu yake nusu saa. Mimi nilisimama kwenye kipaza sauti nikakiambia kijiji kwa Kikamba, kiw'u kila kyendekaa. Katika lugha yetu kuhitaji na kupenda hutoka katika neno moja, kwa hiyo watu walisikia kwamba Wajerumani wamepima maji yao na kuyaita maji yanayopendwa. Wanawake walipiga vigelegele. Kavinya alinikumbatia, tumbo lake likagonga langu.

"Nikizaa msichana namwita Mumbua," akasema. Mumbua ni aliyezaliwa wakati wa mvua.

"Na mvua haijanyesha."

"Hii si ndiyo mvua? Imetokea chini, basi."

Alizaa msichana.

Nilihamishwa mara nne baada ya hapo. Nilifanya kazi Mutomo, nikarudi ofisi ya Kitui, nikapelekwa Wote, na mwisho Kibwezi, ambako mradi ulikuwa ukisaidia wakulima kumwagilia mashamba yao ya mboga karibu na barabara ya Mombasa. Injinia wa Kibwezi alikuwa mwanamke kijana, Mjerumani, msema kweli na mcheshi, aliyeniita Mama Ndinda. Siku moja ya joto kali tulikuwa kwenye tangi la kijivu nyuma ya vitalu vya nyanya. Nikafungua bomba, nikakinga viganja, nikavileta mdomoni. Alinipiga mikono maji yakamwagika.

"Si ya kunywa!" akasema. "Brauchwasser!" Akaonyesha maandishi kwenye tangi, mekundu, makubwa. Neno lile lile.

Nikamwambia, nadhani nilikuwa natabasamu, kwamba Brauchwasser ni maji yanayohitajika.

Aliniangalia kama watu wanavyomwangalia mtu aliyesema mzaha mbaya. "Hapana, Mama. Brauchen ya kutumia. Ya kufulia, ya kumwagilia, ya kuoshea gari. Ni maji ya kila kitu isipokuwa kunywa. Kwetu hata mtoto anajua."

Hata mtoto anajua. Niliketi kwenye ukingo wa saruji. Nyanya zilikuwa zimeiva, nakumbuka, na sikuweza kuondoa macho kwenye nyanya moja iliyopasuka. Nilihesabu kwa vidole. Mumbua alikuwa na miaka kumi na tisa.

Nilisafiri hadi Kitui, nikaitafuta ripoti ile stoo. Ilikuwepo. Safari hii nilisoma majedwali. Mstari wa saba ulikuwa wa floridi, na pembeni yake mpimaji alikuwa ameweka alama ya mshangao kwa kalamu ya wino. Floridi ni madini yasiyo na ladha wala harufu. Kidogo huimarisha meno. Ikizidi mwaka baada ya mwaka, huyafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia, kisha huingia kwenye mifupa na kuipinda.

Nikaenda kwa Meneja, ambaye sasa alikuwa na ofisi ya ghorofani. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla.

"Faili hiyo ilifungwa zamani," akasema mwishowe.

"Kisima hakijafungwa."

"Bi Ndinda. Chini ya ile karatasi kuna sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Umebakiza miaka miwili ustaafu. Nenda nyumbani ufikirie."

Nikaenda nyumbani. Sitaki mnisamehe haraka. Nilifikiria kwa miaka miwili, na kila siku ya hiyo miaka miwili kuna mwanamke aliyeinamia pampu ile, na mimi nilijua, na nilikuwa mezani kwangu natafsiri taarifa za nyanya.

Injinia kijana, ambaye hakujua kwa nini nilikuwa nimekonda, aliniachia zawadi alipoondoka: kamusi nene ya asili za maneno ya Kijerumani. Usiku sikuifungua, niliogopa. Niliifungua mchana, ofisini, mlango ukiwa wazi. Brauchen, ilisema, hapo kale ilimaanisha kufurahia, kula matunda ya kitu, na ni ndugu wa mbali wa neno la Kilatini la kufurahia, ambalo lilizaa neno la matunda. Baadaye ikawa kutumia. Karne nyingi zikapita, na kwa kuwa kitu unachokitumia kila siku hufika mahali huwezi kuishi bila yake, ikawa kuhitaji. Maana hizo tatu ziliachana njiani, ila ndani ya Brauchwasser ile ya katikati ilibaki imejificha, na hapo ndipo nilipoipita.

Nilisoma ukurasa ule mpaka nikaukariri. Kufurahia, kutumia, kuhitaji. Ilikuwa historia ya neno, na ilikuwa historia ya kisima. Walikipigia vigelegele. Wakakitumia. Na sasa?

Nilistaafu mwaka jana. Kulikuwa na keki, na Meneja alitoa hotuba akaniita daraja kati ya mataifa mawili. Wiki iliyofuata nilinunua kopo la rangi nyeusi, kopo la rangi nyeupe na brashi mbili, nikaenda Kanyangi.

Kavinya alinitambua kutoka mbali. Amezeeka kuliko mimi, anatembea ameinama, mgongo haukunjuki. "Ndinda wa Wajerumani!" akapaza sauti. "Njoo, njoo. Mumbua, lete kiti. Huyu ndiye aliyetuletea maji."

Mumbua alitoka jikoni akiburuta kiti. Ana uso wa mama yake alipokuwa kijana. Miguu yake imejipinda kuanzia magotini, kama upinde, na anatembea akiyumba upande mmoja halafu wa pili. Alinisalimu akitabasamu, na mkono wake ukapanda wenyewe kufunika meno.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Yote yalipotea. Niliwaambia tu, moja kwa moja, kama mtu anayetapika. Kwamba ripoti ilikataza. Kwamba neno lilikuwa na maana mbili. Kwamba nilichukua isiyo yake, na nikaifuta "tu", na nikaweka sahihi, na nimejua kwa miaka miwili.

Kuku walikuwa wakiparua uani. Kavinya alikuwa akitazama miguu ya binti yake kana kwamba mtu amemletea siku hiyo.

"Mchungaji alituambia ni kurogwa," akasema baadaye. "Tukaomba. Wengine wakasema ni upande wa baba yake. Mume wangu aliondoka kwa maneno hayo." Akaonyesha barabara kwa kidevu. "Nyumba hii siyo peke yake, Ndinda. Ukipita shuleni utawaona."

"Hilo neno lenyewe ni gani?" Mumbua akauliza.

"Brauchwasser."

Alilijaribu mdomoni, polepole, vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha. "Brauch-wasser." Kisha akanitazama. "Fupi hivyo?"

Nilifungua mfuko nikawaonyesha rangi. Nikasema nimekuja kurekebisha kibao.

"Utaandika nini?" Kavinya akauliza.

"Kwamba si ya kunywa."

"Sawa. Andika. Halafu chini yake andika tukanywe wapi."

"Nimekwenda ofisi mbili. Wamesema nilete barua."

"Umeshaleta moja," akasema. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali. "Ulituambia ni maji tunayohitaji. Hukukosea hapo, mwana wa mwaitu. Tunayahitaji."

Mwana wa mwaitu ni mtoto wa mama yangu. Aliniita ndugu, siku hiyo kati ya siku zote. Mumbua alileta chai. Nilijua imepikwa kwa maji gani, na wao walijua kwamba najua, nikainywa yote hadi majani ya chini. Ilikuwa tamu.

Kisha nikaenda kisimani peke yangu. Kibao kilikuwa kimepauka lakini kilisomeka. Nilikipaka rangi nyeupe chote, nikangoja kikauke, nikaandika kwa nyeusi, herufi kubwa: MAJI HAYA NI YA MATUMIZI TU. SI YA KUNYWA. Niliirudisha "tu". Ilikuwa tafsiri sahihi. Katika miaka yangu yote sijaandika sahihi kuliko hiyo.

Rangi ilikuwa bado mbichi alipofika mwanamke kijana, mtoto amefungwa kifuani, mtungi wa plastiki mkononi. Akanisalimu, "Uvoo waku, susu," habari yako, bibi. Akasimama mbele ya kibao akakisoma kwa sauti, neno kwa neno, bila kukosea hata herufi. Akaguna. Akauweka mtungi chini ya bomba, akapampu hadi ukajaa.

Kisha akauzungushia kamba ya kubebea, akachuchumaa, akanyoosha ile kamba kwenye paji la uso, akaniomba nimsaidie kuuinua.

Nikamwinulia.